Mtoto aende na majibu yake mwenyewe

Tangu binti yangu apate nafasi katika shule ya bweni ya jeshi hapa Nakuru, wazazi hunijia kibandani na swali lile lile: waliulizwa nini? Wengine huja na daftari tayari mkononi. Mimi ni fundi wa cherehani mtaani Kaptembwo, nashona sare za shule, na kuanzia Novemba hadi Januari hapakosi mzazi aliyesimama mbele ya mashine yangu akisubiri sketi ifupishwe au shati litiwe vifungo. Hapo ndipo wananiuliza. Sijawahi kumnyima mtu jibu, maana nafasi za bweni ni chache na mzazi mwenye mtoto wa kuhamisha hutafuta msaada popote. Nawatajia maswali yote ninayoyakumbuka. Ila nawaomba pia wanisikilize kuhusu mambo yaliyotangulia siku ile, pale nyumbani kwetu, kwa sababu huko ndiko kazi yenyewe ilikofanyika.

Binti yangu ni kitindamimba. Alikuwa katika kundi la mwisho lililofanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023, akaanza kidato cha kwanza 2024 katika shule ya kutwa hapa mjini. Alikuwa anaendelea vizuri. Wazo la kuhama lilitoka kwake, na lilitoka mahali ambapo sikulitarajia.

Mtakumbuka mvua za Aprili mwaka huo. Usiku wa kuamkia tarehe 29, maji yaliyokuwa yamezuiwa na tuta la reli kule juu yaliporomokea Mai Mahiu, ndani ya kaunti yetu hii, yakafagia nyumba watu wakiwa usingizini. Makumi ya watu walikufa. Shule zilikuwa zimeahirishiwa ufunguzi wa muhula wa pili kwa sababu ya mafuriko, kwa hiyo mtoto alikuwa nyumbani, na jioni baada ya jioni tulitazama pamoja wanajeshi na watu wa Msalaba Mwekundu wakipekua tope. Mimi nilikuwa nalia. Yeye alikuwa kimya, kisha akaniuliza: "Mama, hao wanaojenga madaraja ya jeshi na kufukua watu, wanasomea wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia amuulize mjomba wake.

Mjomba wake ni kaka yangu mkubwa. Alitumikia jeshi la nchi kavu mpaka akastaafu akiwa sajini, sasa anaishi Free Area na kufuga kuku. Ni mtu wa maneno machache. Alipoulizwa swali hilo hakukimbilia kulijibu. Alitoa Katiba ya 2010 kabatini, akafungua Kifungu cha 241, akamwambia asome mwenyewe kwa sauti. Pale pameandikwa kwamba Majeshi ya Ulinzi ya Kenya ni jeshi la nchi kavu, la anga na la wanamaji, kwamba kazi yao ni kuilinda nchi na mipaka yake, na kwamba watasaidiana na mamlaka nyingine wakati wa dharura au janga. Binti yangu alirudia sehemu ile ya janga. Nadhani siku hiyo ndiyo aliyoamua. Miezi michache baadaye tukasikia kwamba kuna nafasi za kidato cha pili katika shule ya jeshi, kwa mtihani wa kuandika na usaili wa ana kwa ana.

Baba yake ni dereva wa lori la masafa, Mombasa hadi Malaba. Nilipompigia kumweleza, alikuwa kwenye foleni ya mpakani, akasema nimpe mtoto simu.

"Wewe ndiye unayetaka, au ni mjomba wako?"

"Ni mimi, baba."

"Basi nieleze."

Akaeleza. Alijikwaa, akarudi nyuma, akaeleza tena. Baba yake hakumsaidia hata kwa neno moja. Mwisho akasema, "Sawa, nimekusikia. Mama yako akuandikishe." Nawaambia wazazi wanaonijia kwamba usaili wa kwanza ni huo. Mtoto ambaye hajaweza kumshawishi baba yake kwenye simu bado hajajua anachokitaka, na afadhali lijulikane nyumbani kuliko mbele ya watu asiowajua.

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka Free Area. Jirani yangu wa ploti alikuwa na mwana wa rika lake, naye ameandikishwa, akaniomba wafuatane. Yule kijana alikuja na karatasi alizonunuliwa na mama yake kwenye kioski cha fotokopi, maswali upande huu na majibu upande huu, na alikuwa ameyakariri yote. Kaka yangu akamuuliza kwa nini anataka shule ya jeshi. Kijana akasimama wima, akajibu bila kupumua kwamba anapenda nidhamu na anataka kulitumikia taifa lake.

"Vizuri. Nidhamu ni nini?"

Kimya.

"Niambie siku moja wiki hii ulipokuwa na nidhamu."

Kimya tena. Kijana alikuwa ameinama, nami nilimwonea huruma, maana ni mtoto mzuri, mwenye adabu, kila asubuhi hunisaidia kufungua mabati ya kibanda. Kaka yangu akamketisha, akamwambia kwa upole: "Mwanangu, nguo ya kuazima haisitiri matako. Hilo jibu si baya. Lakini si lako, na atakayekuuliza swali la pili atalijua hilo mara moja."

Neno lile lilinikaa, mimi ambaye kutwa nashughulika na nguo za watu. Kuanzia hapo tukafanya kazi kwa njia moja tu. Hakuna jibu lililoandikwa. Mtoto anaulizwa, anajibu alivyo, kisha anaulizwa: kwa nini? Lini? Nipe mfano. Baada ya mfano anaulizwa tena. Jibu ambalo ni la mtoto mwenyewe huzidi kunenepa kadiri unavyolichimba. La kuazima huisha kwenye swali la pili. Binti yangu alipoulizwa kuhusu nidhamu, alisema kuwa yeye husahau kufunga madirisha mvua ikija, kwa hiyo ameanza kuyafunga kila akitoka chumbani, hata jua likiwaka. Ni jambo dogo. Kaka yangu alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Sasa nifike kwenye lile lililotusumbua kuliko yote, na ambalo sioni wazazi wakilizungumza. Watoto wetu tumewalea kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Mtoto anayekutazama usoni na kukujibu tunasema ana macho makavu. Binti yangu alilelewa hivyo hivyo, na mimi ndiye niliyemlea, na sioni aibu kwa hilo. Akisalimia wageni hupiga magoti kidogo, sauti inashuka, macho yanakwenda sakafuni. Halafu siku moja tunataka aingie chumba chenye watu wazima waliokaa safu moja, baadhi yao wamevaa kombati, awatazame na kujieleza! Mtoto hawezi kubadilika kwa kuambiwa "jiamini". Anaweza hata kuumia, maana anaona tumemgeuzia kibao: jana ilikuwa heshima kunyamaza, leo ni kosa.

Kaka yangu alilielewa hilo kwa sababu jeshini alilipitia. Alimwambia kwamba kumtazama mkubwa anayekuuliza ni kumpa heshima, kwa kuwa anajua umemsikia. Kama macho yanamlemea, atazame katikati ya nyusi; hakuna atakayejua. Asubiri swali liishe. Ajibu, kisha anyamaze; kimya cha jopo kisimtishe hata akaanza kujaza maneno. Kama hajasikia, aseme samahani, sijalisikia swali vizuri. Na aache kupiga kelele za "afande!" alizoziona kwenye televisheni, kwani yeye ni mwanafunzi anayeomba shule, hajawa askari.

Maneno hayo ni rahisi. Kuyatia mwilini ndiko kulikotaka muda, na mazoezi tuliyafanya dukani kwangu. Nilimweka mbele. Mteja akija, yeye ndiye anayemsalimu, anayeuliza anataka nini, anayempima kiuno na mabega, anayetaja bei. Mteja akitaka kupunguziwa, yeye ndiye anayekataa au kukubali, na kueleza sababu. Mama mmoja alikuja amekasirika kwa sababu gauni la harusi halikuwa tayari. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikanyamaza makusudi. Mtoto akamtazama, akamwambia kitambaa cha ndani kiliisha mjini, kimeletwa leo, gauni litakuwa tayari kesho saa nne, naye atalipeleka mwenyewe nyumbani. Sauti ilitetemeka mwanzoni kisha ikatulia. Yule mama akakubali. Nilimtuma pia kwa mwenye nyumba kuuliza habari za maji, na kwa wakala wa M-Pesa kufuatilia pesa zilizokwenda namba isiyo sahihi. Kila mara alikuta mtu mzima asiyemjua, mwenye haraka, asiye na nia ya kumdekeza. Kwa maoni yangu mazoezi haya yanashinda kumkalisha mtoto sebuleni na kumwigizia jopo, maana mbele ya mama yake anajua kwamba hakuna hatari.

Kuhusu lugha, tulijua usaili ungekuwa kwa Kiingereza zaidi. Kiingereza chake si kibaya, ila anafikiri kwa Kiswahili, na akiwa na wenzake ni Sheng. Kaka yangu alimtaka kila jambo alieleze kwanza kwa Kiswahili mpaka linyooke, kisha kwa Kiingereza kifupi, sentensi zake mwenyewe. Siku yenyewe mmoja wa jopo alimgeuzia Kiswahili katikati ya mazungumzo, na hakubabaika.

Kazi za nyumbani nitazitaja kwa ufupi, ingawa ziliulizwa. Nani anakufulia? Nani anakuamsha? Mtoto ambaye mama humfulia hawezi kudanganya vizuri hapo. Mikono na uso vinamsaliti. Wangu alikuwa akijifulia, lakini kuamka ilikuwa taabu, kwa hiyo nilimnunulia saa ndogo ya kengele nikaacha kabisa kumwita. Siku za kwanza alichelewa shule akaadhibika. Nilivumilia. Likizo ya Agosti alikwenda kwa bibi yake Njoro, akakaa bila simu, kwa sababu hakuwahi kulala mbali nami kwa muda, na nilitaka ajue upweke huo ukoje kabla ya kuuomba.

Halafu kuna yale ya kujua. Watu wengi huanzia hapa, na vitabu vya maswali na majibu vinauzwa kila kona. Kile tulichoazimwa kiliandika kwamba Mkuu wa Majeshi ni Jenerali Robert Kibochi. Alistaafu 2023. Aliyemfuata, Jenerali Francis Ogolla, alifariki katika ajali ya helikopta huko Elgeyo Marakwet tarehe 18 Aprili 2024, na baada yake akateuliwa Jenerali Charles Kahariri, ambaye ametoka jeshi la wanamaji. Mtoto aliyekariri kitabu kile angemtaja mtu aliyeondoka zamani, katika mwaka ambao nchi nzima ilimzika Mkuu wa Majeshi. Kaka yangu alikifunga kitabu akakirudisha kwa mwenyewe. Badala yake walisikiliza habari za redio jioni na kuzijadili.

Binti yangu alivutiwa sana na habari za Meja Jenerali Fatuma Ahmed. Alikuwa mwanamke wa kwanza Kenya kufikia cheo cha brigedia, mwaka 2015, kisha meja jenerali mwaka 2018, na mwezi wa Mei 2024 akawa Kamanda wa Jeshi la Anga, mwanamke wa kwanza kuongoza mojawapo ya majeshi yetu matatu. Sikumwambia alisome hilo. Alilitafuta mwenyewe, akaja kunieleza nikiwa napiga pasi, na kwa jinsi alivyokuwa akieleza niliamini kwamba angeweza kulieleza popote.

Kaka yangu hakumficha upande mwingine. Alimweleza kuhusu El Adde, huko Somalia, tarehe 15 Januari 2016, kambi ya wanajeshi wetu iliposhambuliwa alfajiri na wengi wakafa. Alimweleza pia kwamba Januari 1964, wiki chache baada ya uhuru, askari wa kambi ya hapa hapa Lanet waliasi, na wanajeshi wa Uingereza ndio walioitwa kuwazima. Mimi nilitaka kumkatiza. Huyu ni mtoto wa miaka kumi na mitano, nikasema moyoni, ya nini kumjaza vifo na maasi? Lakini yeye aliuliza maswali mazuri kuliko siku zote: askari akiona amri si ya haki afanye nini? Familia za waliokufa huangaliwa na nani? Walizungumza mpaka giza likaingia, nasi tukakosa matatu za bei ya kawaida kurudi mjini. Leo nashukuru kwamba sikumkatiza. Mtu anayesema anaipenda kazi ya jeshi anastahili kujua inavyogharimu, hata akiwa na umri huo.

Hapa niseme jambo ambalo wazazi wengi hulichanganya. Shule ya jeshi si kuandikishwa jeshini. Kenya hakuna anayeandikwa jeshini kabla ya miaka 18, na mtoto anayesoma huko hufanya mtaala ule ule wa taifa na mtihani ule ule wa KNEC, baraza la mitihani la taifa, kama wenzake wa Kaptembwo. Akimaliza anaweza kuwa muuguzi, mwalimu au fundi kama mimi. Maofisa wenyewe hufunzwa Kenya Military Academy, ambayo iko Lanet, na hao ni watu wazima waliomaliza sekondari. Nasema haya kwa sababu nimeona watoto wakikimbizwa barabarani alfajiri na kupimwa urefu ukutani kwa hofu ya kukataliwa, huku hakuna aliyewauliza wanataka kusoma nini. Mazoezi ya mwili ni mazuri kwa afya, wala siyapingi. Lakini mtoto aliyechoka hivyo hufika kwenye mtihani wa hesabu akisinzia.

Fomu ya daktari nayo. Binti yangu ana pumu, si kali, ila baridi ya Nakuru ya Julai humpata. Watu wanne, watano waliniambia niifiche. Kaka yangu aliposikia alikasirika kweli. Bwenini usiku, alisema, kama matroni hajui, nani atajua dawa yake iko wapi? Tuliandika pumu, tukaandika dawa anayovuta, tukaambatisha barua ya kliniki. Jopo lilimuuliza mtoto mwenyewe jinsi anavyoitumia. Aliwaeleza hatua kwa hatua, na aliniambia kwamba hilo ndilo swali alilolijibu kwa raha kuliko yote, kwa sababu hakuna mtu chumbani aliyelijua kuliko yeye.

Siku yenyewe sitaikuza. Alivaa sare ya shule yake ya kutwa, iliyofuliwa na kupigwa pasi, na kiatu alichokipaka rangi mwenyewe. Faili lilikuwa na cheti cha kuzaliwa, matokeo ya KCPE, ripoti za mihula yote na barua ya mwalimu mkuu, nakala na asili. Tulitoka nyumbani kungali na giza. Shule ikiwa karibu na kambi, langoni ukaguzi ni wa kijeshi: kitambulisho cha mzazi, mifuko kufunguliwa, hakuna kupiga picha. Baba mmoja alikuwa ameacha kitambulisho nyumbani, akabaki nje huku mtoto wake akiingia peke yake na uso wa hofu. Basi, mzazi, kitambulisho kiweke mfukoni tangu usiku.

Mtihani wa kuandika ulitangulia, kisha wakaitwa mmoja mmoja. Maswali aliyonisimulia baadaye ni haya, na ndiyo ninayowapa wazazi. Jieleze. Kwa nini unaiacha shule uliyomo? Hapo wengi huisema vibaya shule yao, na sidhani kuna jopo linalopenda kusikia hivyo. Yeye alisema walimu wake wamemfikisha pale, na kwamba anatafuta mahali pa kusoma jioni bila kelele za mtaa na penye maabara kubwa zaidi. Ukimwona mwenzako bwenini akiiba utafanya nini? Habari gani umeisikia wiki hii? Waliuliza pia jambo la historia ya vita vya pili vya dunia ambalo hakulijua, akasema: sijui, lakini nitalitafuta. Wakaendelea mbele.

Swali gumu lilitoka kwa mwanamke aliyevaa kombati. Ukipewa amri unayoiona si ya haki, utafanyaje? Binti yangu alisema atatii kwanza, kisha ataomba ruhusa ya kuuliza. Mwanamke akasema: na kama ni mwanafunzi mkubwa anakuamuru umchape mono, yaani mgeni wa kidato cha kwanza? Akasema hapo hatatii, atakwenda kwa mwalimu, kwa kuwa sheria ya elimu ya 2013 inakataza mtoto kupigwa shuleni, hata na mwalimu mwenyewe. Wakamsukuma zaidi: je, wenzako wakikuita msaliti? Alinyamaza kidogo, akasema itamuuma, lakini yule mono ataumia zaidi. Jibu hilo halikuwa kwenye karatasi ya fotokopi, wala halikutoka kwangu, wala kwa mjomba wake. Nililisikia kwa mara ya kwanza tukiwa kwenye matatu ya kurudi mjini.

Wazazi nasi tuliitwa. Waliniuliza nitalipaje karo, kama baba yake amekubali, na kama mtoto ana ndugu wa kumtembelea. Nilijibu kwa kifupi: kazi yangu, kazi ya baba yake, na ahadi ya mjomba. Kisha wakaniuliza kama nina swali. Wazazi waliotangulia walikuwa wametoka wakisema hapana, asante. Mimi nilikuwa na swali. Ilikuwa miezi michache tu tangu moto wa bweni kule Nyeri, Septemba 2024, ulioua wavulana 21, na kila mzazi wa mtoto wa bweni alikuwa bado anaota moto ule. Nikauliza milango ya mabweni yao inafunguka kwenda nje au ndani, kama madirisha yana vyuma, na usiku ufunguo unashikwa na nani. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka milango ifunguke kwenda nje, madirisha yasiwe na vyuma, na kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi ya angalau mita 1.2. Hawakuona nimewakosea adabu. Naibu wa mwalimu mkuu alisimama akanipeleka kuliona bweni kwa macho yangu. Mzazi, uliza. Unamwacha mtoto wako pale usiku.

Matokeo yalikuja kwa ujumbe wa simu kabla ya Krismasi. Binti yangu alipata. Mwana wa jirani hakupata, na hesabu zake zilikuwa nzuri kuliko za wangu. Mama yake alilia kibandani kwangu, nami nilifunga mashine tukakaa. Kijana mwenyewe hakulia. Baada ya siku chache alikwenda Free Area peke yake, bila kutumwa na mtu, akamwambia kaka yangu kwamba mle ndani waliendelea kumuuliza kwa nini, kwa nini, mpaka akasema ukweli: anapenda umeme na redio, na jeshi lilikuwa wazo la mama. Kaka yangu anasema hakuwahi kumsikia akizungumza kwa urefu hivyo. Sasa kila Jumamosi hutengeneza redio mbovu pale kwenye banda la kuku, na shuleni kwake amechaguliwa kuongoza klabu ya sayansi.

Juzi mama yake amekuja tena. Amesikia huenda kukawa na nafasi za kidato cha tatu, akataka nimsaidie kumwandikisha mapema. Nimemwambia fomu nitamtafutia leo leo, lakini kabla hajaijaza aende nyumbani amuulize kijana kama anataka, na ampe nafasi ya kusema hapana.